Mganga haguswi, askari hamalizi raundi ya tatu

Swali, kutoka Wete
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Tunajaribu barazani mchezo wa kuigiza wahusika tulioutunga wenyewe, na katika mapambano manne mganga ametoka mzima kila mara, ilhali askari mwenye ngao huanguka kabla ya raundi ya tatu. Shambulio huamuliwa kwa dadu ya pande 20, na ngao huongeza ulinzi wa 2, yaani adui huhitaji namba kubwa zaidi kwa 2 ili pigo lake limpate askari. Je, tumpunguzie mganga uwezo wa kuponya?

Jibu, Mji Mkongwe
Waalaikumu salaam. Mganga mwacheni kwanza. Kila upande wa dadu hiyo una nafasi ya asilimia 5, kwa hiyo ngao yenu huzuia takriban mapigo 10 tu katika kila 100. Jaribuni dadu mbili za pande 6, ambazo jumla zake hukusanyika katikati: adui anayehitaji 7 au zaidi hufanikiwa mara 21 kati ya 36, lakini ngao ikimlazimisha kupata 9, hubakiwa na mara 10. Hapo ngao itakuwa ngao kweli.

Jibu, Chake Chake
Hesabu ni sahihi, ila mapambano manne ni machache mno. Andikeni kila pigo lilimlenga nani, kisha mwachieni asiyetunga kanuni aendeshe mchezo.

Mwuliza swali
Shukrani. Nimeangalia daftari: jini humvamia askari kila raundi, na anayemchezesha jini huyo ni mimi.