Masika hayo yaja: makuti, mabati au zege kwa nyumba ya Lamu?

Mpwani_wa_Mbali
Assalaam alaikum jamaa. Nyumba yetu ya Lamu inavuja kutoka juu na mvua zimekaribia. Fundi amenipa bei tatu: kuezeka makuti upya, kuweka mabati, au kumwaga zege tusahau kabisa. Makuti ndiyo nafuu, zege ni karibu mara tatu yake, mabati yako katikati. Mwaka huu nina pesa ya jambo moja tu. Nyinyi mngechagua lipi? Nataka jibu kabla ya Ijumaa, fundi anasema lazima aagize vifaa vishushwe Mokowe, gati la upande wa bara, mapema. Wenye uzoefu tu tafadhali.

Saruji_Moto
Waalaikum salaam. Uzoefu upo, habari ndizo hukutupa. Paa lina mteremko au ni bapa? Kuta ni za mawe ya kale na chokaa, au mawe ya kukata na saruji? Nyumba iko mtaa gani? Inavuja pembe moja au kote? Umeulizia bei ya paa na hujatuambia maji yanapitia wapi.

Lakini kama wataka kauli yangu, mimi ni mtu wa mabati. Chukua yaliyopakwa alumini na zinki pamoja, si zinki tupu, maana huku kwetu Malindi ya zinki tupu huota kutu ukiwa bado unalipa deni lake. Na usipigilie misumari. Chumvi huanza na msumari, kisha tundu lake, ndipo bati. Weka skurubu zenye raba, na kila mwaka mtu apande azikague.

Bi_Zidaka
Mabati! Ikiwa ni Mkomani, mtaa wa mji wa kale, si utuwekee na mnara wa simu kabisa? Mji wa kale ulitangazwa hifadhi 1986 na UNESCO wakauorodhesha 2001. Mwanangu, kabla hujamtumia fundi hata shilingi, nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa, ndio wasimamizi wa hifadhi, uwaeleze unachotaka kufanya. Si kwa kukutisha, wao wameona nyumba nyingi kukuliko wewe na huyo fundi wako.

Mpwani_wa_Mbali
Samahani, niliandika mbio. Ni Mkomani, nyumba ya marehemu bibi, ya mawe, ina ghorofa moja. Juu nusu ni sakafu bapa na nusu ina banda la makuti. Chini kuna mpangaji, juu hakukai mtu. Mimi niko Mombasa, kwa hivyo nategemea picha za fundi.

Saruji_Moto
Sasa tunaanza kuelewana. Maji yanadondokea chini ya banda au chini ya ile sakafu bapa?

Mpwani_wa_Mbali
Mpangaji anasema ukutani, karibu na ngazi. Ngazi iko upande wa sakafu bapa.

Bi_Zidaka
Basi makuti hayahusiki! Unataka kumwezekea fundi banda lisilovuja.

NahodhaMstaafu
Wanangu, mwanena paa na hakuna anenao mlizamu, ule mfereji wa kutolea mai ya paa nje. Mai ya yuu yakipata ndia hushuka, yakiikosa huingia ukutani. Mwaka ule wa mvua kubwa, 1997, kwangu palivuja nikaambiwa dari imekufa. Akaya mzee mmoja, akapanda na ndoo ya mai, akaimwaga katikati ya sakafu, akakaa kuangalia yendapo. Yalituama penye mlizamu. Mlikuwa na kiota na taka za miaka. Akazibua, akashuka, akanywa kahawa. Mwambie huyo fundi ayafanye hayo kwanza, na akupigie video.

Chumba_cha_Juu
Nahodha umenena. Na hilo la zege naomba lizikwe hapa hapa. Niwaeleze yaliyompata ami yangu, nyumba iko nyuma ya ngome.

Paa lake bapa lilikuwa linatona kidogo mwezi wa tano, pahali pamoja. Wakaja watu, siwataji, wenye mashati ya kampuni na tablet ya kupigia picha. Wakamwambia chokaa ni ya kizamani. Wakatandika lami yuu ya sakafu nzima, wakapiga saruji juu yake, wakaziba milizamu miwili kati ya mitatu kwa sababu "inachafua ukuta". Na ndani, kwa kuwa kuta zilikuwa zikimomonyoka, wakapiga plasta ya saruji kutoka chini hadi kwenye dari. Ikapendeza. Masika yale haikuvuja tone, ami akawa ndiye wakala wao, kila barazani anawasifu.

Masika ya pili rangi ikaanza kuvimba usawa wa kifua. Ukibandua, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Akapaka tena, ikavimba tena. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu tangu chini, na chokaa huuachia utoke. Ukiufunga kwa saruji pande zote unyevu hupanda ukitafuta pa kutokea. Ulipofika ulikuta vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba dari, vimezamishwa ndani ya ukuta, havipati hewa, na juu yake kuna lami. Siku moja dari ya chumba cha wasichana ikalala. Haikuanguka, alhamdulillahi, ililala tu kama kiganja kimoja. Fundi mwingine akachoma boriti kwa bisibisi, ikaingia hadi mpini. Saba ziliharibika hivyo, zote upande mmoja.

Na hapo ndipo balaa la pili. Ilikuwa 2018, serikali imepiga marufuku ukataji wa miti na mikoko ikaingia humo humo. Boriti mpya hakuna. Chumba kikakaa na magogo ya kuegemeza dari miezi na miezi, hadi tukanunua boriti kuukuu za nyumba iliyobomolewa. Wale wenye mashati ukiwapigia, kila siku "tunatuma vijana".

Saruji_Moto
Pole kwa ami. Ila hapo umeishtaki saruji kwa makosa ya watu. Milizamu ilizibwa na mtu, si na saruji. Hapa Malindi tuna zege za miaka thelathini hazijatoa ufa.

Chumba_cha_Juu
Kwenye kuta za saruji na nguzo za chuma, sawa. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kama kilo 240 kila mita mraba. Ubebeshe boriti za bibi yake?

Saruji_Moto
Na hiyo sakafu ya mawe na chokaa iliyopo unadhani ni pamba? Nayo ni nzito, wakati mwingine kuzidi zege. Ndiyo maana vyumba vyenu vya Lamu ni vyembamba, boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Hoja ni kuongeza juu ya iliyopo. Ukibomoa kwanza kisha ukamwaga, hesabu ni nyingine.

Bi_Zidaka
Ukibomoa kwanza umeshabomoa. Ofisi ya Makumbusho mlango wake uko wazi, nimeshasema.

Tumbawe
Mimi si fundi, nasimamia nyumba za watu Shela na Mkomani, kwa hivyo nasema ninachokagua. Kabla ya masika, wakati kaskazi limekausha kuta: milizamu, nyufa za sakafu ya juu, vichwa vya boriti (gonga kwa nyundo, mlio mzito na mlio mtupu utautambua), vijia vya mchwa pembeni mwa milango, na makuti upande wa kusi maana huko ndiko upepo wa mvua hupigia. Banda likiwa limelala sana usihangaike na makuti mapya, yataoza mapema. Mwinuko wa nyuzi 45 hivi ndio hushusha maji. Mvua zikiisha, natazama tena madoa. Chokaa nakarabati msimu wa kiangazi, nafunika kwa magunia yenye maji isikauke haraka ikapasuka.

Ukaguzi huo hulipii pesa ya paa. Unalipia siku moja ya mtu mwaminifu, asiwe yule atakayeuza makuti.

Mpwani_wa_Mbali
Tumbawe, unakagua na nyumba za watu wengine?

Tumbawe
Sitaki kuonekana najitangaza. Uliza barazani watakuelekeza.

Saruji_Moto
😂 Huyo ameshajitangaza.

Chombo_Kipya
Na mkikagua msisahau mapipa na birika za chini za kuhifadhia maji. 2004 chikungunya ilitulaza muyi mzima, na watu wakasema ni mvua.

Bi_Zidaka
Haikuwa mvua, ulikuwa ukame. Mbu walizaliana katika maji tuliyohifadhi majumbani. Mimi nilitembea kwa kuinama kama bibi kizee na sikuwa nimefika arubaini.

Chombo_Kipya
Ndiyo nisemavyo, mapipa. Weka kifuniko, na wavu kwenye mdomo wa birika.

NahodhaMstaafu
Samaki wadogo ndani ya birika. Hula viluwiluwi vyote. Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu.

Saruji_Moto
Nahodha, samaki wakifa je? Watu wanakunywa hayo maji.

NahodhaMstaafu
Wakifa watolewa.

Mpwani_wa_Mbali
Jamani turudi juu. Nimeongea na fundi, nimemwomba amwage ndoo ya maji apige video. Amesema hiyo ni kazi ya kitoto na kwamba lazima dari yote ibadilishwe. Anataka amana leo kwa sababu punda wa kubeba mchanga wameshapangwa.

Bi_Zidaka
Amana ya mchanga wa nini, na hujachagua? Mwanangu, usitume.

Saruji_Moto
Mimi bado niko na mabati kwenye lile banda, Makumbusho wakikubali. Lakini kwa hili namuunga Bi Zidaka. Na huo mchanga uulizie unatoka wapi. Wa ufuoni una chumvi, ukichanganywa kwenye plasta utarudi kwenye hadithi ya ami.

Chumba_cha_Juu
Mpangaji ana miguu. Mwambie yeye apande na ndoo.

Mpwani_wa_Mbali
Mpangaji anaogopa ngazi, na ndipo panapovuja. Nitajaribu kupata mtoto wa jirani kesho baada ya chuo.

Upepo_wa_Casuarina
Samahani kuingilia. Nami nina nyumba Malindi, madirisha ya alumini, kila kusi likianza yanaingiza maji hadi kwenye kochi. Nianzishe uzi mpya au niulize hapa?

Saruji_Moto
Uliza hapa hapa. Madirisha yanatazama wapi, na vitundu vya kutolea maji chini ya fremu viko wazi?