Kiti cha gari cha mtoto kimeharibika, waranti imekwisha

Kutoka: Mama wa Uyole, Mbeya

Wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Tumerudi nyumbani na kiti cha gari cha mtoto tulichonunua Uingereza. Waranti yake ilikuwa ya miaka miwili, imeshapita. Sasa kifungo chekundu kinachokaa katikati ya mapaja kinashika kwa mashaka: kinalia vizuri, lakini mtoto akijinyoosha, upande mmoja wa mikanda unaachia. Fundi wa Mwanjelwa anasema anaweza kukitoa, aweke kifungo cha begi na kushona kwa uzi wa viatu. Muuzaji nilimwandikia, kanijibu waranti imekwisha, basi. Karibuni tunakwenda Iringa kwa bibi yake. Nisaidieni.

Kutoka: Kaka wa Coventry

Kamwene dada, pole. Kabla ya yote: kiti hicho kisimbebe mtoto mpaka jambo hili liishe, na fundi asiguse kifungo. Mafundi wa Mwanjelwa nawaheshimu, wametushonea nguo toka utotoni. Ila gari la spidi 50 likigonga na kusimama papo hapo, mtoto wa kilo 15 anaivuta ile mikanda kwa nguvu ya mamia ya kilo. Kifungo cha begi kitapasuka. Na mikanda ikishonwa moja kwa moja, utamtoaje mtoto haraka gari likipinduka njiani?

Kabla hujakihukumu, kioshe. Vifungo hivi mara nyingi havijafa, vimejaa: uji, makombo ya biskuti, juisi iliyokauka. Soma kijitabu chake kwanza. Viti vingi, ukivipindua, utaona kipande bapa cha chuma kinachoushikilia mkanda wa kati kwa chini. Unakilaza upande na kukipitisha kwenye tundu lake, kifungo kinatoka. Kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu bila sabuni, bonyezabonyeza kile chekundu mpaka uchafu utoke, kikung'ute, kianike kivulini. Usitie mafuta ya cherehani wala grisi, maana mafuta yananasa vumbi, na vumbi la kiangazi huko unalijua. Kikikauka, funga, vuta kila upande kwa nguvu zako zote, rudia tena na tena. Kikiachia hata mara moja, hakifai.

Sasa huyo muuzaji. Waranti ni ahadi yao wenyewe. Sheria iko palepale. Uingereza kuna Consumer Rights Act ya 2015, yaani sheria ya haki za walaji, na kwa sheria hiyo unamdai aliyekuuzia, si kiwanda. Kwa England unaweza kwenda mahakamani hadi miaka 6, Scotland 5. Kwa kuwa miezi 6 ya mwanzo imepita, ni juu yako kuonyesha kwamba kasoro ilikuwemo tangu siku ya kununua. Kwa hiyo piga video kifungo kikiachia baada ya kuoshwa, ambatisha risiti, na kwenye barua usiitaje waranti kabisa. Sema kiti hakikudumu kama kiti cha mtoto kinavyotegemewa kudumu. Nimeona watu wengi wakikata tamaa kwa jibu moja la mtu wa huduma kwa wateja, na inaniuma, kwa sababu haki yao walikuwa nayo mkononi.

Ndugu wa Marekani, kwenu tazameni tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani. Kiwanda kikitangaza kasoro ya usalama, kinarekebisha bure, waranti iwe hai au imekufa.

Kiwanda nacho kiandikie, omba spea. Vingi vinauza kifungo, mikanda na kitambaa peke yake. Wape namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa, vyote viko kwenye lebo. Kifungo ni kidogo, yeyote anayeshukia uwanja wa ndege wa Songwe anakibeba mfukoni. Lakini angalia kwanza chini au nyuma ya plastiki: viwanda vingi huweka ukomo wa matumizi wa kati ya miaka 6 na 10. Kama umepita, au kiti kiliwahi kuwa kwenye ajali, usinunue spea. Kata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa, asije mtu akakiokota na kumwekea mwanawe.

Fundi mpe kitambaa kilichochanika, akishone bila kuongeza sponji.

Kutoka: Shangazi wa Njombe

Wanangu, naongeza la baridi. Mtoto asifungwe na koti zito. Koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea. Mvue koti, mkaze, halafu mfunike blanketi juu ya mikanda. Na mkiazima kiti, azimeni kwa mtu mnayejua kiti chake kimepita wapi. Tafuteni lebo ya R44 au R129, ndiyo alama ya viwango vya usalama vya viti vya watoto. Gari zetu nyingi za zamani kutoka Japani hazina ISOFIX, yaani vyuma vya kunasia kiti vilivyojengwa ndani ya gari, basi hakikisheni ni kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari.

Kutoka: Mama wa Uyole, Mbeya

Asanteni sana, shangazi marahaba zako nazipokea kwa simu. Tumeosha, uji umetoka mwingi, lakini upande wa kushoto bado unaachia. Video nimepiga, barua imekwenda kwa muuzaji na nyingine kiwandani. Iringa tumeahirisha, bibi yake amekubali. Kaka, wakiuliza nani apokee kifungo huko Uingereza, naomba niwape anwani yako.