Ngoma ya babu inalegea katikati ya shoo, mnafanyaje?

Gitaa_Shangani
Wakuu, salamu kutoka Shangani, Mtwara. Bendi yetu inapiga roki: mimi gitaa la solo, rafiki yangu besi, mdogo wangu drams, dada mmoja anaimba, na babu wa Nanyamba anapiga ngoma ya sindimba, ile ya Wamakonde. Kutu ya nyuzi kwa chumvi ya bahari nimeizoea, nafuta kwa kitambaa kila nikimaliza kupiga. Hili la ngozi ndilo limenishinda.

Jumamosi tulikuwa na shoo ukumbini, mvua imenyesha tangu asubuhi. Kabla ya kuanza, babu aliwasha makuti nyuma ya jengo, akaielekeza ngoma kwenye moto, anaizungusha taratibu, anaigonga kwa kidole, anasikiliza. Akaongeza makuti. Alipoigonga mara ya nne ikatoa ule mlio mkavu unaopenya hata gitaa likiwa limefunguliwa hadi mwisho. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri mno, watu wakasimama. Wa pili nikaanza kusikia ngoma inazama. Wa tatu ngozi ikalegea kabisa, inasema "bu" pale ilipotakiwa kusema "ta", na mdogo wangu akapotea kwa sababu yeye humfuata babu. Tukasimama katikati ya wimbo. Moto ndani hauruhusiwi, na mwenye ukumbi yuko sahihi, dari ni la mbao.

Baada ya hapo mpiga besi akasema tununue tumba za skrubu zenye ngozi ya plastiki. Babu hakujibu. Aliifunika ngoma yake kanga, akaondoka. Hilo limeniuma kuliko shoo yenyewe.

Mliowahi kuchanganya ngoma ya ngozi na vyombo vya umeme wakati wa mvua, naombeni msaada. Kumwacha babu sitaki. Bila yeye tunaiga tu.

Besi_Lindi
Pole mkuu. Ngozi inanyonya unyevu, na huku kusini kuanzia Desemba hadi Aprili hewa yenyewe ni maji. Huwezi kuizuia, ipangie zamu. Tafuteni ngoma mbili: moja jukwaani, nyingine nje kwenye jiko la mkaa na mtu wa kuiangalia. Kila baada ya nyimbo mbili mnabadilishana. Asiisogeze sana motoni, ngozi ikikauka kupita kiasi inapasuka. Na nyimbo zinazomtegemea babu zipangwe pale ngoma inapotoka tu jikoni.

Maikrofoni nayo iwekeni karibu na ukingo wa ngozi. Ukiiweka katikati unapata mvumo tu, ule mlio wa "ta" unapotea.

Mpenzi_wa_Dansi
Mimi ni mtu mzima, nimekulia kwenye muziki wa dansi. Bendi ya Mlimani Park walipoanza mwaka 1978, mtindo wao waliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Na roki si ngeni upande huu wa Afrika: Zambia miaka ya 1970 ilikuwepo bendi ya WITCH, yule Jagari Chanda akiimba, magitaa yanakwaruza kwelikweli na watu wanacheza. Kwa hiyo njia yenu ni nzuri, wanangu. Ila tumba ni tumba. Ukiiweka mahali pa ngoma ya babu, msiite tena sindimba.

Mjukuu_wa_Newala
Kaka, babu mwenyewe mmemuuliza? Naona mmeijadili ngoma yake mbele yake kama mnajadili spika mbovu. Usimpigie simu. Panda gari uende Nanyamba, ukae chini, uombe radhi kwanza, habari ya ngozi ije baadaye.

La pili ni la mdogo wako. Kama anapotea ngoma ikishuka sauti, basi mapigo hayajamwingia, anaegemea tu. Ahesabu kumi na mbili. Kiki, ile drams kubwa ya mguu, ipige nne ndani ya hizo kumi na mbili, haihati, yale matoazi mawili, itembee tatutatu, nawe kwenye gitaa uache nafasi, usijaze kila pigo. Marehemu babu yangu alikuwa anatupigia magotini tukiwa watoto, tunahesabu hadi tunasinzia.

Gitaa_Shangani
Nimerudi jana, wakuu. Dada wa Newala, asante sana, ulisema kweli. Niliomba radhi, na mpiga besi nilikwenda naye. Babu alinyamaza kidogo, kisha akauliza tunataka shoo ya saa ngapi na jukwaa liko umbali gani kutoka mlangoni. Nikamweleza habari ya jiko la mkaa na zamu. Akainuka, akaingia jikoni, akashusha ngoma nyingine kutoka juu ya meko, nyeusi kwa masizi. Kumbe alikuwa nayo siku zote, inakaa kwenye moshi ikauke. Ameigonga mara moja tu, mpiga besi akanitazama.

Anakuja Ijumaa na mjukuu wake wa kuangalia jiko la mkaa. Mdogo wangu yuko uani sasa hivi, anahesabu kumi na mbili kwenye goti.