Bunduki ya upepo ya mtumba kwa panya wa ghalani: niliyoyaona mpaka sasa, naomba ushauri

MwenyeGhala_Nagongera

Habari zenu wakulima. Nimenunua bunduki ya upepo iliyotumika na ninataka kuwasikia wanaozifahamu kabla sijaanza kuitegemea.

Niko Nagongera, wilaya ya Tororo, Uganda. Nina ghala la mahindi na maharage, kuta za tofali, paa la bati, na panya wamelishika. Ni wale weusi wenye mkia mrefu wanaotembea juu kwenye mbao za paa kama wako barabarani. Usiku wanashuka juu ya rundo, wanatoboa gunia la juu, wanakula kiini cha punje na kuacha ganda. Kula si tatizo kubwa. Tatizo ni mkojo na mavi: mnunuzi anafungua gunia, ananusa, anaondoka, na magunia mengine yote yanapoteza jina.

Sumu sitaki. Hicho ni chakula cha watu, na kwenye mwembe nyuma ya ghala analala bundi ambaye kila asubuhi ninakuta chini yake mabonge ya manyoya na mifupa ya panya. Akila panya mwenye sumu, naye atakufa. Mitego inanasa wadogo tu. Wakubwa wameshaijua.

Bunduki ilikuwa ya mzee jirani, aliachiwa na mwajiri wake zamani. Bei yake ni ya mbuzi wawili wazuri. Karatasi tulianzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), tukaenda polisi wilayani, na sikutoa pesa mpaka hilo lilipokwisha, kwa hiyo tusibishane juu ya hapo.

Sasa yenyewe. Ni ya kuvunja mtutu (unaukunja chini ili kuikoki), nzito, kama kilo tatu na nusu. Juu ya silinda imeandikwa Original Mod. 35 na Made in Germany, na karibu na mbao kuna tarakimu ndogo, 06 74. Mtutu ni wa milimita 5.5. Nje kuna kutu kama vumbi la pilipili, lakini ukivunja mtutu na kuuelekeza kwenye mwanga, mifereji ya ndani inang'aa, inazunguka vizuri mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipoipenda. Kitako kimepasuka kidogo nyuma, mtu alikifunga kwa waya wa shaba, kazi safi kabisa. Bawaba ya mtutu haichezi kushoto wala kulia.

Yaliyonitia shaka ni haya. Mzee aliitia mafuta ya cherehani kabla ya kunikabidhi. Risasi za mwanzo zilitoka na mlio mkali na moshi wa bluu, baadaye ikanyamaza na nguvu zikashuka. Nikipiga kwenye sabuni ya mche kwa umbali wa mita kumi, risasi inazama kidogo tu, kitako chake unakiona. Na nikiiegemeza juu ya gunia la maharage inapiga juu, tena si mahali pamoja. Nikiishika mkononi inatulia zaidi, jambo ambalo sikulitegemea.

Je, springi imekufa? Na je, inafaa kazi hii, au niendelee kutafuta nyingine?

FundiWaSpringi_Jinja

Mzee, shikamoo. Umenunua kitu kizuri, usiiache.

Hiyo ni Diana 35 halisi. Kiwanda ni Mayer & Grammelspacher cha mji wa Rastatt. Baada ya vita kuu ya pili mitambo yao ilichukuliwa kupelekwa Uingereza pamoja na haki ya jina la Diana huko, kwa hiyo bunduki za Wajerumani zilizouzwa Uingereza ziliandikwa Original. Wenye haki hiyo kule walikuwa Milbro wa Scotland, na nilizozishika za kwao hazifikii hii. Tarakimu 06 74 ni mwezi na mwaka: Juni 1974. Ingekuwa na herufi F ndani ya umbo la pembe tano, ningekwambia ni ya soko la Ujerumani, ambako mpaka wa kununua bila kibali ni joule 7.5 (joule ni kipimo cha nguvu ya risasi). Uingereza mpaka ni kama joule 16. Kwa panya wa karibu na milimita 5.5, hata chini ya hapo inatosha kama risasi inapiga kichwa.

Ule mlio na moshi si nguvu. Pistoni inabana hewa ghafla, hewa inapata joto kali, mafuta ya cherehani yanawaka mle ndani. Inavyoendelea hivyo ndivyo springi inavyovunjika. Futa mtutu kwa kitambaa, usiongeze tone lolote la mafuta ya mashine.

Springi yako sidhani imekufa. Ninashuku ngozi. Modeli hizi za zamani pistoni ina kofia ya ngozi, na pale mtutu unapofungia kuna kipete cha ngozi pia. Zikikauka, hewa inatoroka. Pima hivi: funga mtutu ukiwa na risasi ndani, weka kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya kiungo, piga kwenye mchanga. Karatasi ikiruka, kipete kimekwisha. Fundi viatu atakukatia kingine kutoka kwenye mkanda wa ngozi ya ng'ombe, kichomoze kidogo kuliko chuma ili mtutu ukikibana kizibe.

Kofia ya pistoni ilainishe kwa mafuta ya silikoni, au mafuta ya kwato za ng'ombe yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Matone machache kupitia tundu dogo lililo nyuma ya mtutu, kisha isimamishe kwa kitako usiku kucha yashuke. Usiifungue springi mwenyewe. Imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa, na mimi nimeona mtu akipoteza jino.

Kuhusu gunia: umeshaona jibu kwa macho yako. Bunduki ya springi inarudi nyuma halafu inasukuma mbele kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana au ukiilaza juu ya kitu kigumu, inaruka. Iweke juu ya kiganja kilicho wazi, mahali pale pale kila mara, bega lipokee bila kuvuta. Na unapotia risasi, mkono mmoja ushikilie mtutu muda wote. Modeli hii haina kizuizi, ikifyatuka mtutu umefunguka itakukata vidole.

Usiipige kamwe bila risasi.

MkulimaWaMpunga_Butaleja

Jamani mimi niko Doho, huku Butaleja, mpunga umeanza kubeba na ndege wamekuja. Hii inaweza kuwafukuza? Nikipata moja kama ya mzee nitapumzisha watoto shambani.

MwenyeGhala_Nagongera

Mwanangu, hapana. Ninasema hivyo kwa sababu na mimi nililima mpunga. Kwelea wanakuja kundi linalotia kivuli shambani, na hii unatia risasi moja, unakoki, unalenga. Utaangusha mmoja huku wengine wakila upande wa pili. Watu wa kupiga madebe asubuhi na jioni, nyuzi za kanda ya kaseti zinazolia kwenye upepo, na kukubaliana na majirani mpande wakati mmoja ili ndege wagawanyike: hayo ndiyo yanayookoa mpunga.

Na jambo lingine. Kwenye mabwawa hayo hayo anakaa korongo taji, ndege aliye kwenye bendera yetu, na idadi yake imeshuka mpaka amewekwa kati ya wale walio hatarini kutoweka. Wanyama na ndege wa pori ni wa sheria ya wanyamapori ya 2019, hata wakiwa ndani ya shamba lako. Bunduki mikononi mwa kijana mwenye hasira na mpunga wake, mwisho wake si mzuri.

Mama_Zombo

Kaka, samahani niingilie. Nimefanya kazi ya afya kijijini huku kwetu, na nimesoma yote hakuna aliyetaja viroboto.

Huku Zombo na Arua, kaskazini magharibi, tauni tunaijua, imetuzika watu. Panya anapokufa na mwili kupoa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu nyingine ya moto, nayo ni wewe unayeinama kumwokota. Nyinyi Tororo hamna ugonjwa huo, lakini tabia iwe moja: usimshike kwa mkono mtupu. Tumia koleo la miti au mfuko uliougeuza, mzike au mchome siku hiyo hiyo, nawa kwa sabuni. Na ukikuta panya wamekufa wenyewe, wengi, bila kupigwa wala sumu, usifurahi. Waite watu wa afya.

La pili ni madini ya risasi. Ukikosa panya aliye juu ya gunia, kile kipande kinaingia kwenye mahindi. Kinu hakitakitenga, kitasagwa na posho (unga wa ugali), na mlaji wa posho hiyo ni mtoto. Hakuna kiasi cha risasi kilicho salama mwilini mwa mtoto. Tafadhali usipige kuelekea kwenye magunia hata mara moja.

MwenyeGhala_Nagongera

Dada, nakushukuru kwa dhati. Hilo la risasi ndani ya mahindi limenibadilishia mpango wote. Nilikuwa nimefikiria kukaa chini na kupiga wale wa juu kwenye mbao. Pale nyuma yao kuna bati jembamba lililoanza kutu, na chini yao kuna magunia.

Nimefanya hivi. Nimehamisha rundo, limekaa juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Kwenye kona tupu nimeweka sanduku la mbao lililojaa mchanga, na mbele yake ubao uliopakwa karanga za kusagwa. Zikiwa zimepakwa, panya hawezi kunyakua na kukimbia, lazima atulie alambe. Ninakaa mlangoni, juu kidogo, ninapiga kwenda chini, mchanga unapokea kila kitu. Tochi nimeifunika kwa plastiki nyekundu. Mwanga huo hawaujali. Kila nikimaliza ninachekecha mchanga na kuokota vipande.

Fundi, karatasi iliruka kweli. Kipete kipya kimekatwa kutoka kwenye mkanda wangu wa zamani, na silinda imekunywa mafuta ya kwato. Moshi umekwisha, mlio umekuwa mfupi na mzito. Kwenye sabuni risasi sasa inapotelea ndani, inabidi kuichimbua kwa kisu. Juu ya kiganja, kwa mita kumi, matundu yanafunikwa na kizibo cha soda. Panya wa kwanza aliangukia pale pale kwenye karanga, hakuteseka, na hilo lilikuwa muhimu kwangu.

Lakini niseme ukweli wa kazi yenyewe: nafasi kati ya ukuta na paa nimeiziba kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na wavu ndio uliopunguza panya. Bunduki inamaliza waliobaki ndani. Mtu asiyeziba paa atakaa na bunduki kila usiku mpaka mavuno yajayo.

Swali la mwisho. Mzee alinipa na kopo la risasi za zamani, karibu limejaa, lakini zina unga mweupe. Nikiziosha zitafaa?

FundiWaSpringi_Jinja

Usizioshe, usizipulize, na usizitie mdomoni wakati wa kukoki kama wengine wanavyofanya. Unga huo ni risasi iliyooza na ni sumu kuliko risasi yenyewe. Funga kopo kwa gundi ya karatasi, mpe mnunuzi wa betri chakavu za gari, halafu nawa. Nunua mpya za 5.5 zenye kichwa bapa. Kwa mita kumi hizo hazina mpinzani.