Yai limegoma kuelea kwenye maji ya chumvi, shida nini?

mpunga_bahi: Wakuu habari za muda huu. Niko Bahi huku naandaa mbegu za mpunga za kitalu, bwana shamba alitwambia tukoroge chumvi kwenye ndoo ya maji mpaka yai lielee ndo tumwage mbegu, zitakazoelea tutoe. Sasa mimi nikajiongeza, kisima chetu maji yake ni chumvi tupu hata ukipika chai unaisikia, nikaona chumvi ya kununua ya nini tena. Nimetumbukiza yai limezama mpaka chini, nikaongeza vijiko viwili vitatu, wapi! Yai bovu au?

Ticha wa Fizikia: Yai lako zima kabisa mkuu, lingekuwa limekaa sana lingeelea hata kwenye maji ya bomba, maana likikaa linapoteza maji kupitia ganda na hewa inaongezeka ndani.

Shida ulimi unasikia chumvi mapema sana. Maji ya kisima yakikushinda kunywa, mara nyingi ni gramu chache tu kwa lita. Bahari yenyewe ina kama gramu 35 na yai jipya linazama vizuri tu. Lita ya maji ya kawaida ni kilo 1, ya bahari kilo 1.025 hivi, yai jipya lenyewe kwa ujazo huo huo wa lita linacheza kwenye kilo 1.08, kwahiyo mpaka maji yawe mazito kulizidi ndo yatalibeba. Chumvi ikiyeyuka ujazo unaongezeka kidogo ila uzito unapanda, ndo siri yote hiyo. Ndoo ya lita 10 andaa chumvi kilo na robo, hata na nusu. Vijiko viwili ni mboga hiyo.

kijana_wa_dom: Kwani lazima chumvi? Tia maji ya kawaida, mapepe (punje tupu) yanaelea unatoa, kwisha. Chumvi inaunguza mbegu bana

Mama Kitalu: @kijana_wa_dom mapepe sawa yatatoka, ila zile zilizojaa nusu zinazama pamoja na nzima, na ndo hizo zinakuletea miche dhaifu. Chumvi haiunguzi kama huzicheleweshi humo, unakoroga, unachota za juu, za chini unaosha na maji safi mara mbili tatu ndo unaloweka. Usioshe uone kama zitaota.

kijana_wa_dom: Haya mama nimekusoma. Kwahiyo ile Bahari ya Chumvi wazungu wanalala juu wanasoma gazeti ni mambo hayo hayo?

Ticha wa Fizikia: Hayo hayo, ile ina zaidi ya gramu 300 kwa lita, pale hata kuzama ni kazi.

mpunga_bahi: Nimeshamtuma dogo dukani. Maji hayo nikimaliza awamu ya kwanza nimwage?

Mama Kitalu: Usimwage, rudia nayo, ila pima na yai kila awamu na kama limezama ongeza chumvi. Mwisho kabisa mwaga mbali na kitalu.