Mrejesho: uji wa mtoto, Bukavu

Asanteni sana, wamama. Niliuliza kwa nini mtoto wa miezi sita anashiba uji lakini haongezi kilo. Mlisema kweli: uji mwepesi unajaza tumbo maji tu.

Sasa ni vijiko vitatu vya unga wa mahindi na kimoja cha soya iliyokaangwa (mbichi inasumbua tumbo), kwa maji mililita 300, dakika 20 motoni. Kijiko kikiinamishwa, uji usimwagike upesi. Mwishoni tunatia nusu kijiko cha unga wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), uliochekechwa miiba isibaki, na mawese kidogo. Chumvi na asali, hapana. Ziwa la mama bado linatangulia. Mizani ya Desemba imepanda, Mungu asifiwe!