Ekari tano Kwale: Kinango au Msambweni?

Mhamiaji wa Nakuru
Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunakusudia kuhamia Kaunti ya Kwale, tulime chakula chetu wenyewe, tufuge mbuzi na kuku, na dukani tufuate chumvi, sukari na sabuni tu. Tumeonyeshwa ekari tano upande wa Kinango kwa bei nafuu mno, na nyingine tano karibu na Msambweni kwa bei mara nne ya hiyo. Je, tunauziwa ardhi au upepo wa bahari?

Mkulima wa Msambweni
Mnauziwa mvua. Ukanda wa pwani hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka au zaidi, lakini ukivuka vilima vya Shimba kuelekea Kinango mvua hupungua sana, na ndiyo maana Waduruma wa huko hutegemea mifugo kuliko mahindi. Hata hivyo, huku kwetu kisima kilicho karibu na bahari huweza kuwa na maji matamu mwezi wa Juni na ya chumvi mwezi wa Februari, kwa hiyo msikubali kuonjeshwa wakati wa masika. Msiezeke makuti pekee: yana ubaridi mzuri, lakini maji yake hayanyweki, ilhali bati la mita 100 za mraba, kwa mvua hiyo ya milimita 1,000, hupokea lita 100,000 kabla ya kutoa yanayomwagika.

Mgeni aliyezoea
Ulizeni pia minazi ni ya nani. Pwani ardhi huweza kuwa na mwenyewe na miti ikawa na mwenyewe mwingine. Wiki ya pili baada ya kununua shamba langu nilimkuta mzee juu ya mnazi akiangua madafu, akaniamkia kwa utulivu kutoka huko huko juu. Minazi kumi na miwili ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyeipanda kwa ruhusa ya mwenye shamba wa zamani. Nililazimika kuilipia mmoja mmoja mbele ya wazee. Hati ilikuwa safi kabisa, ila haikutaja mti hata mmoja. Idhini ya kuuziana shamba kutoka kwa bodi ya ardhi ya serikali nayo iombwe ndani ya miezi sita tangu kutia saini mkataba.

Mhamiaji wa Nakuru
Nashukuru sana. Na mbuzi, je?

Mkulima wa Msambweni
Kadiri mnavyosogea kwenye msitu wa Shimba ndivyo mbung'o wanavyozidi, nao huleta nagana, ugonjwa unaodhoofisha na kuua mifugo, mbali na ndovu wanaopenda muhogo kuliko nyinyi. Kaeni mbali na msitu, mwanze na muhogo na kunde, kwa maana muhogo hukaa ardhini ukiwangoja, lakini mnazi mrefu mtakaoupanda leo hautawapa nazi kabla ya miaka sita. Kabla ya kununua, kodini ekari moja kwa masika moja.

Mhamiaji wa Nakuru
Tutakuja Februari kuonja maji.